Nilimfungia Mpangaji Wangu Maji kwa Ajili ya Mwanaume wa Koti

Mimi ndiye niliyekosa, tena kwa akili timamu. Nisikilizeni tu, mkitaka kucheka chekeni, hata mimi siku hizi nacheka kidogo kabla aibu haijanishika.

Ilikuwa miaka ya themanini, pale Shinyanga mjini. Nilikuwa mjane mwenye nyumba ya vyumba vinne, na uani kuna bomba moja tulilotumia wote. Chumba kikubwa cha mbele nilimpangisha Mama Kulwa, binti wa kutoka Kharumwa. Mumewe alikuwa anachimba dhahabu Rwamgasa, akirudi mara mojamoja, mwekundu kwa vumbi kama tofali. Mama Kulwa alikuwa na mapacha wachanga, mpole, na kila asubuhi ananipigia magoti: "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa Kisukuma. Hakuwa na kosa hata moja. Hata moja!

Basi akatokea mfanyabiashara kutoka Geita, mwanaume wa kuvaa koti jua likiwa utosini. Akaniuliza kama nina chumba kizuri cha mbele. Jamani, jinsi alivyoniangalia! Nami nilikuwa nimechoka kula peke yangu. Nikamwambia, "Kipo, karibuni kitakuwa wazi. Pita wiki ijayo ukione."

Sasa Mama Kulwa nimtoeje? Kumwambia "hama" niliona haya. Balozi wetu wa nyumba kumi angeuliza sababu, nami ningemwambia nini? Koti?

Nikaona afadhali ahame mwenyewe. Nyuma ya nyumba, chini ya kipande cha bati, kulikuwa na koki ya kufungia maji ya nyumba nzima. Nikajaza kwanza mapipa yangu chumbani, kisha nikaifunga kwa spana ya marehemu. Nikatoka uani, mikono kiunoni: "Mama Kulwa, balaa! Bomba limepasuka huko chini ya ardhi. Mafundi wanasema vipuri hakuna."

Enzi zile nani angebisha? Hata sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Nilitegemea atalalamika wiki moja na kufunga virago. Wapi! Alifunga pacha mmoja mgongoni, mwingine akamwachia jirani, akabeba ndoo hadi bomba la sokoni. Akirudi, kabla hajamimina hata tone kwenye chungu chake, anabisha hodi kwangu.

"Mayu, nimekuletea ya kuoga. Mguu wako huo unaokusumbua, usije ukahangaika."

Na mimi nikapokea! Mapipa yamejaa nyuma ya mlango, nami napokea!

Mwanaume wa koti akaja kweli. Nilijifunga kitenge kipya, nikakimbilia jikoni kuchemsha chai. Naye, vumbi la safari usoni, akamwomba Mama Kulwa maji ya kunawa. Nikamsikia binti wa watu akimweleza kwa upole wote: "Chukua haya ya ndoo, baba. Bomba limepasuka, na vipuri hakuna nchi nzima."

Alinawa, akanywa chai yangu, akasema, "Mama, nyumba nzuri, lakini mimi bila maji siwezi." Akaenda zake. Baadaye nikasikia kapanga mtaa wa pili, kwa mjane mwenzangu. Bomba lake linatoa maji mchana kutwa!

Nililia. Mama Kulwa akadhani namlilia mpangaji niliyemkosa. Akanionea huruma, na bila kuniambia akaenda kwa balozi kuniombea fundi.

Nashtukia wanaingia uani: balozi, fundi, na yeye nyuma yao anatabasamu. Fundi akaliona bati, akainama, akazungusha spana mara moja. Bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji yakamwagika pwaaa!

"Hakuna kilichopasuka hapa," alisema. "Koki ilifungwa."

Nikajitetea, "Labda ni watoto..."

Balozi akanikatiza. "Watoto gani wenye nguvu za spana? Mama, nyumba ni yako, koki ni yako. Maji yakikatika kwa bahati mbaya, wewe ndiye wa kwenda ofisi ya maji kufuatilia, siyo mpangaji kuzunguka na ndoo. Na wewe ndiye uliyeyakata!"

Mama Kulwa alikuwa bado hajaelewa. Kisha akaelewa. Nikauona uso wake ukibadilika.

"Mayu, na yale ya kuoga niliyokuwa nakuletea?"

"Nilikuwa naoga," nikamjibu. Ningesema nini kingine?

Hakunitukana. Nilimshika kanga, nikamwomba abaki. Akasema, "Nimekusamehe, ila sitaweza tena kuamini bomba lako." Akahamia Segese kwa dada yake. Mtaa mzima ukajua, na chumba cha mbele nikabaki nakifagia mwenyewe, hakuna anayekitaka.

Wenye nyumba wenzangu, sikieni! Mnataka chumba chenu? Mwambieni mtu mchana kweupe, mpeni muda atafute pengine. Mpangaji akikosa maji, tokeni nyinyi kwanza mkahangaike. Mimi kwa kuona haya nilishindwa kumwambia mtu neno moja, nikampoteza aliyekuwa akinipa shikamoo ya kila asubuhi. Mwanaume yule hata jina lake nimeshalisahau.