Mtambo wa Povu Uliopimwa kwa Mkono wa Mzee

Saa mbili na robo asubuhi, fundi amepiga magoti mbele ya kabati, kichwa na mkono wake wa kulia vimezama ndani. Juu ya kabati hilo kuna tangi la kioo lenye maji ya chumvi, matumbawe na samaki tisa. Ndani ya kabati, kwenye giza, mtambo mpya unanguruma taratibu. Anaugusa kwa ncha za vidole kama anayepima homa ya mtoto.

"Bado," anasema. Anachomoka, anajifuta mkono kwenye suruali, anakwenda hadi dirishani, anarudi. Anapiga magoti tena. Hazijapita dakika mbili.

"Mwanangu, kaa basi unywe chai," mwenye nyumba, mkunga mstaafu wa miaka sabini na mmoja, anamwambia.

"Asante, mama. Nitainywa nikiwa nimesimama."

Chai inapoa mezani. Ni siku ya nne tangu fundi aufunge mtambo huu, na kikombe cha mtambo cha kukusanyia povu bado ni kikavu.

Wateja wanamwita fundi huyu Mama Povu. Ana miaka arobaini na minane, na kwa miaka kumi na moja sasa anahudumia matangi ya matumbawe majumbani mwa watu. Ana nyumba kumi na tisa za kuzungukia, ndoo mbili, begi la mgongoni lenye chupa za kupimia maji, na miguu isiyotulia. Kabla ya hapo alikuwa fundi bomba.

"Nilikuwa nazibua masinki," anasema, huku bisibisi ikizunguka kati ya vidole vyake. "Siku moja nikaitwa mahali, tangi linavuja. Nikaziba. Nikanyanyua kichwa, nikakutana uso kwa uso na samaki ananikodolea macho. Basi, kwisha habari yangu."

Jina lake limetokana na mtambo wa povu, ambao ndio figo za tangi la aina hii. Ni bomba nene la plastiki lenye pampu chini na kikombe juu. Pampu inasaga hewa iwe viputo vidogo sana. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hung'ang'ania viputo hivyo, hupanda navyo, kisha humwagikia kikombeni kama povu la kahawia. Kikombe kinamwagwa, maji yanabaki safi, matumbawe yanapumua.

Swali analoulizwa kuliko yote ni fupi: ninunue wa saizi gani?

"Watu wanasoma boksi," anasema. "Boksi linasema lita mia nne, tangi lao ni la lita mia nne, wanaona ndoa imeshafungwa. Boksi halijui una samaki wangapi. Halijui nani anawalisha."

Naye aliwahi kuliamini boksi. Katika mwaka wake wa pili kazini alifunga mtambo nyumbani kwa mwanasheria mmoja, saizi ileile iliyoandikwa. Nyumba ile ilikuwa na watu saba, na kila aliyepita mbele ya tangi alitupia chakula kidogo. Ndani ya wiki tatu matumbawe yalikuwa meupe kama mifupa.

Mwanasheria hakumgombeza. Alimpa kitambaa cha kufutia mikono, akamfungulia mlango. Mwezi haukuisha kabla wateja wengine wanne hawajaacha kupokea simu zake.

"Angenitukana ningelala," anasema. "Kile kitambaa ndicho kiliniua."

Tangu hapo hatulii. Anakiri kwamba huwa anarudi kwenye nyumba alizokwisha kumaliza, bila kuitwa, ati amesahau koleo. Binti yake anamtania kwamba koleo hilo limetembea kuliko rubani.

Wiki tatu zilizopita mkunga mstaafu alimpigia simu. Mume wake, dereva wa treni kwa miaka thelathini na minne, alipigwa na kiharusi mwaka jana. Upande wa kulia umekufa ganzi na maneno yamebaki ya kuokoteza. Kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, kikaelekezwa kwenye tangi alilolianzisha mwenyewe alipostaafu. Kuanzia asubuhi hadi jioni, hilo ndilo dirisha lake.

Sasa maji yalikuwa yanageuka manjano. Mwani ulikuwa unatambaa juu ya mawe. Tumbawe moja, lile la zambarau analolipenda mzee, lilikuwa limejifunga halifunguki.

Mama Povu alipima. Tangi la lita mia tatu na themanini, mtambo wa zamani ulioandikwa lita mia tano, pampu nzima, viputo vizuri. Kwa hesabu zote ulipaswa kutosha. Akamuuliza mkunga samaki wanalishwa mara ngapi.

"Mara mbili. Asubuhi mimi, jioni mimi. Nimezalisha miaka arobaini, nitashindwa kuhesabu mbili?"

Wakati huohuo, mtoto wao wa kiume anayefanya kazi ng'ambo alikuwa ameshatuma mtambo mwingine, dude la lita elfu moja na mia tano. Akapiga simu kuuliza kwa nini haujafungwa.

"Kaka, huu ni mkubwa mno," Mama Povu alimjibu. "Tangi lenye uchafu kidogo halina cha kuulisha. Povu litajikusanya na kukatika, litajikusanya na kukatika, lisifike kikombeni. Ni kukaanga yai moja kwenye sufuria ya harusi. Halafu hauingii kabatini, umezidi shubiri nzima."

"Kata kabati."

"Kabati ndilo limebeba tangi, kaka. Nikilikata, baba yako ataoga amelala."

Mkunga alicheka hadi akashika ubavu. Lakini Mama Povu alitoka pale akiwa hana raha. Uwezo wa mtambo haukulingana na uchafu wa maji. Mahali fulani hesabu ilikuwa inavuja.

Kesho yake alirudi kufuata lile koleo. Mkunga alikuwa amekwenda kliniki, nyumbani alikuwepo mzee na dada wa kazi. Mama Povu aliomba kigoda, akakaa kwenye kona. Kukaa saa tatu mahali pamoja, anasema, kulimshinda kuliko kubeba ndoo ngazi nne.

Haikupita nusu saa, mzee aligonga chuma cha kitanda kwa pete ya mkono wa kushoto. Ngo, ngo. Dada wa kazi alitoka jikoni, akachota chakula kwa vidole viwili, akanyunyizia. Samaki wote tisa wakakimbilia kioo cha mbele, upande wa mzee. Uso wake ukafunguka.

Ndani ya saa tatu aligonga mara sita.

"Usinisemee kwa mama," dada wa kazi alimsihi. "Mara ya kwanza nilimkatalia. Akalia. Mtu mzima vile, dada, analia kwa sababu ya samaki. Nikashindwa."

Mama Povu hakulala vizuri. Kumwambia mkunga kungekuwa rahisi: mzee azuiwe, mtambo wa zamani utatosha. Kunyamaza kungeua tangi. Asubuhi aliwaita mkunga na dada wa kazi mbele ya kitanda, akasema yote, mzee akisikia.

Mkunga alimtazama mume wake kwa muda mrefu.

"Huyu bwana aliendesha mabehewa kumi na mawili," alisema hatimaye. "Leo kilichobaki kinachokuja akikiita ni samaki. Nani atamnyang'anya? Fundi, tafuta mtambo unaomtosha yeye."

Ndipo Mama Povu alipoanza kupima upya, safari hii akihesabu mikono badala ya lita. Samaki tisa, milo isiyopungua kumi kwa siku. Akapata mtambo wa lita mia tisa, unaoingia kabatini na kubakiza vidole vinne. Mkunga naye akaweka sharti lake: kila asubuhi chakula cha siku nzima kinawekwa kwenye kisahani kimoja. Mzee anagonga anavyotaka, kikiisha kimeisha.

Kisha Mama Povu akampigia simu mtoto wa ng'ambo. "Kaka, nilikosea. Ule wa zamani ulikuwa mdogo kweli, na wewe ulikuwa karibu na ukweli kuliko mimi. Ila huo wako bado umezidi."

Upande wa pili ulicheka. "Hujawahi kukutana na baba yangu akiwa mzima. Yeye ndiye alikuwa anazidi."

Mtambo mpya hauanzi kazi siku hiyohiyo. Plastiki yake ina mafuta ya kiwandani yanayozuia povu hadi yaoshwe na maji ya chumvi, na hilo huchukua siku kadhaa. Mama Povu analijua hilo vizuri, amewaeleza wateja mara mia. Hata hivyo alikuja siku ya pili, ya tatu, ya nne, na ya tano mara mbili.

Siku ya sita povu lilipanda. Lilisita shingoni, likashuka, likapanda tena, kisha likamwagikia kikombeni, la kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Alipokifungua kikombe, harufu ilijaa sebule.

"Inanuka!" alisema mzee, wazi kabisa.

Mkunga aliacha alichokuwa amekishika. Hilo lilikuwa neno la kwanza kueleweka kwa wiki mbili. "Rudia," alimwambia. Mzee akarudia, huku amekunja pua.

Tumbawe la zambarau halikufunguka. Mama Povu alilitoa kwa mkono wake na kumwonyesha mzee kabla ya kulifunga kwenye karatasi. Mengine yamefunguka.

Yeye mwenyewe hajawahi kuwa na tangi. Amehama nyumba tano kwa miaka kumi na moja, zote vyumba vya ghorofani, na hakuna mwenye nyumba aliyekubali kilo mia nne za maji na mawe zikae juu ya dari lake. Mwezi uliopita alipata tetesi za chumba cha chini chenye sakafu ya zege. Alikwenda na futi, akapima ukuta, akapima mlango, akaruka mara tatu katikati ya chumba mbele ya mwenye nyumba aliyeshangaa.

"Amesema atafikiria," anasema, akivaa begi lake mgongoni. "Jumatatu narudi. Akikataa, kuna kingine mtaa wa pili, nimeshakiulizia. Nataka mwaka huu nikae kwangu, kwenye kiti, niangalie samaki ambao hakuna aliyeniita niwaangalie."