Diski Saba za Harusi Yetu

Mjomba alinipigia simu kutoka Machakos vita vya uchaguzi vilipotulia kidogo, reli ya Kibera ikiwa bado imeng'olewa. Hakuuliza kama tumekula. Alisema ameongea na jamaa wa video, yule aliyerekodi harusi yangu mwaka uliotangulia, na amemwagiza akate upande wote wa mume wangu.

"Tunataka harusi ya kwetu tu," akasema. "Wale watu siwezi kuwaonyesha wageni sebuleni."

"Wale watu gani, mjomba?"

"Unawajua."

Nilimkatia simu. Sikuwa nimewahi kumkatia mjomba simu tangu nizaliwe, na mpaka leo sijaomba msamaha, na siombi.

Wacha nieleze "wale watu" ni kina nani. Ni mume wangu, fundi wa mbao kutoka magharibi, na mama yake. Tulikuwa tunaishi watatu Soweto West, hukohuko Kibera, kwa vyumba viwili vya mabati vilivyotazamana. Siasa zilipogeuka mwezi wa kwanza, kiongozi wa kwetu akaingia serikalini, sisi wa Machakos tukaitwa wasaliti, na asubuhi moja vijana wakaja mlangoni kumtafuta "yule Mkamba", yaani mimi. Mume wangu alikuwa amekwama ng'ambo ya mji. Mama mkwe alitoka na mwiko wa ugali mkononi, mwanamke mfupi, mgonjwa wa presha, akajaza mlango wote.

"Huyu ni mtoto wangu. Mkimtaka, anzeni na mimi. Na wewe," akamnyooshea mmoja mwiko, "mamako anajua uko hapa?"

Yule kijana aliangalia chini. Wakaenda zao.

Dawa zake za presha ziliisha wiki hiyohiyo, na kliniki zilikuwa zimefungwa. Mwezi haukuisha naye, tukamzika. Picha tuliyobaki nayo ni ya kitambulisho, na humo amenuna kama mtu aliyeitwa kwa chifu. Mahali pekee duniani ambapo mama mkwe anatembea na kuongea ni ndani ya ile video. Na ndipo mjomba alipotaka pakatwe!

Kesho yake nilikuwa Kawangware kabla jamaa wa video hajafungua kibanda. Huyu mtu alikuwa amenizungusha na "kesho, madam" tangu harusi iishe, lakini amri ya mjomba aliitekeleza kwa siku mbili.

"Madam! Kazi yako iko tayari," akasema, akaniwekea nione.

Harusi ya saa mbili na dakika kumi imekuwa dakika hamsini. Watu wangu wote wapo, mpaka mbuzi. Mume wangu anaonekana mkono tu, ukinivisha pete. Ati mkono! Kwani niliolewa na mkono? Na juu ya yote amemwaga muziki wa kinanda, hakuna mtu anayesikika.

"Ile yote iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko kwa mashine, lakini leo naifuta, inakula nafasi. Kaseti nazo nilisharekodia harusi ingine juu yake."

Nilivuta kiti, nikakaa, nikaweka mkoba magotini.

"Hufuti kitu. Na mimi sitoki hapa."

"Sasa madam, mjomba wako alisema..."

"Mjomba wangu hakuolewa. Niliyeolewa ni mimi. Fungua hiyo mashine."

Akafungua, mdomo ameuvuta. Nikamwambia kwanza atoe kinanda. Alipokitoa, kibanda kikajaa sauti ya mama mkwe, siku ile nikishuka garini na haya zangu: "Inua kichwa, mwanangu, hukuiba mtu!"

Haki ya Mungu, nilicheka na machozi yakatoka kwa pamoja. Jamaa akasimamisha picha.

"Huyu ni nani?"

"Ni mmoja wa wale watu," nikamjibu. Tangu hapo hakumtaja mjomba tena.

Akanionyesha orodha ya namna za kuitoa video. Ya kwanza ni VCD, inayocheza kwa kila mashine, hata ile kuukuu ya mama yangu kule nyumbani. Akatoa dakika moja ya majaribio. Mama mkwe akapita mbele ya kamera, uso ukavunjika vipande vya mraba.

"Mbona umemharibu?"

"Si mimi, ni VCD. Imeminywa ndio iingie." Akaniambia DVD ni afadhali, ingawa nayo imeminywa. Isiyominywa ilikuwa chini kabisa, vile kamera ilivyoona, jigi kumi na tatu kwa saa moja. Nikamwambia hiyo ndiyo ninayotaka. Akacheka. "Hiyo haichezi kwa TV, madam, ni kwa kompyuta tu. Utaiangalia na nini?"

Mimi ni fundi wa nguo. Gauni kubwa nitalipunguza hata mara kumi, lakini ukishalikata dogo, hata ulie, halipanuki. Sikuhitaji kusomea kompyuta kuelewa hilo.

"Hiyo si ya kuangalia, ni ya kuweka," nikamwambia. "Ya mama yangu nitolee kwa VCD, hata ziwe mbili, harusi nzima ilivyokwenda, bila kuruka mtu. Hii kubwa igawe bila kuiminya kwa diski za DVD mpaka iishe."

Zilikuwa saba. Kompyuta yake ilijikokota mpaka jioni, stima ikapotea tukiwa kwa ya nne, tukaianza upya. Alinung'unika kuhusu wateja wake. Mimi nilikaa. Alipoleta chapati nilikula, na nilipomaliza nilikaa tena.

Pasaka nilipanda kwenda Machakos na zile VCD mbili. Mama akawasha mashine, majirani wakaketi, na mjomba akachukua kiti cha mbele kama bwana harusi. Mama mkwe alipotokea tu, mjomba aliruka akasimama mbele ya TV.

"Hii ndiyo nilisema ikatwe! Damu ni nzito kuliko maji!"

"Damu nimeiona mwaka huu, mjomba, nimeiona nikachoka," nikasema. Sauti yangu ilikuwa juu na sikuishusha. "Maji ndiyo tulikosa, siku nne. Na ya mwisho mtungini alininywesha huyo unayemziba."

Mama ni dada yake mkubwa.

"Ondoka hapo mbele," akamwambia. "Sijamaliza kumwona."

Mjomba akaondoka. Mama akasogeza kiti mpaka magoti yakakaribia kioo, akakunja uso, akainama kushoto, akainama kulia.

"Hapa sura yake haishiki," akasema. "Na siku ya harusi nilikuwa na haraka, sikumwangalia vizuri. Macho yake yalikuwaje?"

"Yapo kwa zile diski saba, mama," nikamwambia. "Njoo Nairobi uyaone."