Mama na Chetezo Chake

Waswahili wa Sydney tukiandika saa nane kwenye tangazo, tunamaanisha saa kumi na moja, na mgeni rasmi anamaanisha akijisikia. Nalijua hilo miaka yote, na bado kila sherehe ya majira ya baridi nafika saa nane kamili kama mwehu.

Mwaka huo nilikwenda na mama. Alikuwa amekuja kutoka Tanga kunitembelea, na tangu baridi ianze alikuwa hatoki ndani; anakaa karibu na hita, kanga tatu mabegani, anatazama uzio wa jirani. Alianza kuulizia tiketi ya kurudi inabadilishwaje. Mimi nilitaka abaki hadi joto lirudi. Nikasema moyoni, akiwaona Waswahili wenzake wakicheka na kula pilau, hiyo tiketi ataisahau.

Basi. Hita ya ukumbi ule wa Blacktown, hukuhuku Sydney, ilikuwa mbovu. Pilau ilikuwepo, lakini hailiwi mpaka mgeni rasmi afike. Mwenyekiti wetu, Mkenya mmoja wa suti na skafu, alishika kipaza sauti akawatambua waliopo, kisha wasiokuwepo, kisha waliotuma salamu. Alipoingia kwenye historia ya jumuiya nilimtazama mama. Amejikunyata, midomo imemkauka. Nilitamani nimnyang'anye yule baba kile kipaza sauti.

Nikaenda jikoni kumtafutia mama chai. Niliporudi, alikuwa ameshatoa chetezo mkobani, kaa limeshika, anafukiza udi. Eti ukumbi unanuka uvundo, na watu hawali kwenye uvundo. Kina mama wa meza ile walikuwa wakifukiza mitandio yao huku wakimsifu. Sijamaliza kusema, "Mama, zima," king'ora cha moto kikalia.

Tukatolewa wote hadi kwenye maegesho ya magari, upepo unakata masikio. Zimamoto wakaingia na buti zao. Mwenyekiti akanijia mbio.

"Sasa dada, ona vile mathe amefanya! Programme yote imeharibika!"

"Programme gani? Watu wana njaa tangu mchana!"

Nyuma yetu vigelegele vikapaa. Kina mama, ili wasigande, walikuwa wameanza nyimbo za harusi, wanapiga mfuniko wa sufuria. Mama yuko katikati, kanga moja kaifunga kiunoni, anacheza kwa magoti yaleyale aliyoyalalamikia asubuhi. Zimamoto walipotuambia turudi ndani, karibu hakuna aliyerudi. Pilau ililiwa juu ya boneti za magari, na mgeni rasmi alipotokea alipewa sahani yake akasimama kama sisi.

Garini nikawasha hita. Kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa na furaha.

"Mama, umeona? Na mwezi ujao tunayo nyingine."

"Nimeona," alisema. "Mie nilikuwa naogopa, mwanangu. Kutwa uko kazini, ukirudi hakuna anayekugongea mlango. Nikawa nawaza, huyu namwacha na nani?" Akajifunika kanga zake vizuri. "Kumbe una watu. Sasa nibadilishie ile tiketi, niende zangu nyumbani."

Hasira zikanipanda upya, na safari hii sikuwa na mwenyekiti wa kumlaumu.