Kaburi Langu la Kitangari

Sisi watu wa kusini tuna jambo moja ambalo Mwingereza hakulielewa mpaka anafungasha virago: baba hana mtoto. Mtoto ni wa mjomba. Baba yangu, mwalimu wa kanisa pale Masasi, alilijua hilo vizuri, lakini siku niliyopata nafasi ya kwenda Nairobi kusomea urubani, furaha ilimpofusha. Nilikuwa kijana ninayefundisha shule ya misheni. Usaili nilikuwa nimeushinda, macho yamepimwa, masikio yamepimwa, kifua kimegongwagongwa kama fenesi. Wazungu wakataka ridhaa ya mzazi, baba akaitoa papo hapo. Loo! Na mjomba yuko Newala, hana habari.

Akapata habari kwa watu, ndiyo mbaya zaidi. Akaniita. Nikapanda lori la korosho hadi kwake Kitangari, hukohuko Newala, huku nikijua kwamba Jumatatu natakiwa niwe Masasi kusubiri gari la kunichukua. Nisipoonekana, nafasi ni ya mwingine.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

Basi, ikawa ndiyo hiyo tu. Hakusema niende, hakusema nisiende. Alinipa jembe. Nikapalilia mikorosho yake. Nikateremka bondeni na wanawake kuteka maji, maana mlima ule Mungu aliunyima visima, nikapandisha debe begani huku wake za watu wakinicheka: "Rubani wee, angalia usidondoke!" Kila jioni nikimwuliza, mjomba anajibu, "Tutazungumza." Mlango ulikuwa wazi, njia naijua, miguu ninayo. Lakini ningeondoka bila neno lake, halafu likanipata la kunipata, angeshikwa mama yangu. Ukoo mzima ungesema amemuuza mtoto wao. Kwa hiyo nilikaa kama mbuzi aliyefungwa, na nilimchukia yule mzee, nasema kweli, nilichukia hata jinsi alivyotafuna muhogo.

Jumamosi uvumilivu ukaniishia. "Mjomba, nimekukosea nini? Wenzangu wangechinjiwa mbuzi!"

Alivuta ugoro, akapangusa pua. "Ukifia huko juu," akasema, "tutakuzika wapi?"

Kaka yao mkubwa, wa mama na mjomba, alichukuliwa vitani Burma. Alipanda meli, asirudi yeye wala nguo yake. Tangu utoto nilikuwa nikimwona mjomba, kila msiba ukitokea, anasimama kwenye makaburi ya ukoo akikodolea macho mahali patupu. Mimi nilidhani ni tabia yake tu.

Jumapili mama akafika kutoka Masasi, vumbi hadi kwenye nyusi. Sikujua nani alimpa habari zangu. Salamu yangu hakuiitikia. Alinikalisha kwenye kigoda, akaninyoa kichwa kizima kwa wembe, akanikata kucha za mikono na za miguu, akavifunga vyote katika kipande cha kanga yake. Kwetu nywele na kucha hazitupwi ovyo; adui akizipata, amekupata wewe. Mama akamwekea mjomba, mdogo wake, kile kifurushi mkononi.

"Mtoto wako huyu hapa. Mzike unapotaka. Huyo mwingine mwache aende."

"Dada, una wazimu?"

"Ninao. Chukua jembe."

Mjomba alichimba mwenyewe, palepale kwenye makaburi ya ukoo. Akafukia, akaupigapiga udongo kwa kiganja, akamwaga juu yake unga wa mtama kama tunavyowafanyia wafu wetu. Mimi nimesimama pembeni, kipara kinaungua jua, natazama ninavyozikwa. Ndipo akaniambia, "Nenda."

Nikaenda, lakini msidhani nilifunguka. Huko Nairobi zoezi lililonitesha ni la kuruka bila kuona nje. Mwalimu wetu Mwingereza alikufunika kwa turubai, ukabaki na mishale ya vipimo inayocheza ndani ya vioo vyake. Mwili unakwambia ndege imelalia kulia, mshale unasema imenyooka. Mwili unaapa haki ya Mungu! Mshale umetulia tu. "Usiusikilize mwili!" mwalimu anafoka. Joto, giza, pumzi fupi, na mimi nasikia harufu ya udongo wa Kitangari, nauona ule unga wa mtama juu ya uso wangu. Nikaupindua usukani kwa hofu. Nikafeli. Nikafeli tena. Nikaambiwa nikifeli mara nyingine, narudishwa kwetu nikashike chaki.

Siku ya mwisho hofu ikaanza kupanda kama kawaida yake. Nikajitukana. Bwege wee, mwili wako uko Kitangari, mjomba ameushikilia. Huu unaopiga kelele hapa ni wa nani? Tazama mishale! Nikatazama mishale mpaka mwalimu akanifunua turubai, na uwanja wa ndege ukawa mbele yetu, umenyooka.

Nilirudi na leseni ya kurusha abiria, bendera ya Malkia bado ikipepea bomani. Nikapanda Kitangari na sare yangu, naringa kama jogoo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

Akanipeleka makaburini. Kaburi langu lilikuwa limepaliliwa, halina hata jani. Kando yake palikuwa na jingine, refu, la mtu mzima, udongo wake bado mwekundu. Nikashtuka, nikamwuliza nani amekufa.

"Kaka," akasema. "Nilikuwa na kofia yake tangu alipoondoka. Nilipoona alivyofanya dada, nikasema, kumbe inawezekana."

Alichuchumaa, akafukuza sisimizi kwa kidole.

"Huko unakoruka," akaniuliza, "Burma unafika?"

"Ni mbali, mjomba. Labda siku moja."

"Basi siku ukipita," akasema, "mwambie tumeshamzika. Asihangaike tena."