Wawa Iliyokimbiza Harusi ya Riziki

Mkiniona nacheka ninapoisimulia hii, msidhani nimeshapona. Nacheka kwa sababu nimechoka kuona haya, na Majengo nzima, mtaa wetu hapa Goma, inaijua tayari mpaka wauza makaa, kwa hiyo afadhali muipate kwangu mwenyewe kuliko kwa wapiga chumvi wa soko la Birere, ambao siku hizi wanasema eti nililipua ukumbi.

Mimi ni mpiga gitaa, na nina pedali moja ya wawa, kile kidude cha chuma unachokikanyaga mbele na nyuma kwa mguu, gitaa likalia wa-wa-wa kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa. Shida ni mguu wangu wa kulia. Uliharibika kwenye volkano ile ya kwanza, nilipoteleza kwenye mawe huku nimebeba ampli begani (mke wangu hajanisamehe hadi leo kwamba niliokoa ampli nikaacha godoro). Kusimama naweza, lakini nikisimama huku nakanyaga pedali, wimbo haujafika nusu mguu umekufa ganzi na mimi nimeketi chini kama gunia.

Sasa binti yetu Riziki alikuwa anaolewa na Paluku, kijana wa Butembo, na nilimwahidi tangu mdogo kwamba siku yake nitampigia mwenyewe, tena nimesimama. Harusi hiyo ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza vita vilifunga barabara, wakwe wakakwama kwao. Mara ya pili volkano ikatapika tena, mji mzima ukakimbilia Sake (safari hii godoro nililibeba), na gauni la harusi likalala nje kwenye kiwanja cha shule, mvua ikalinyeshea. Kwa hiyo wakwe walipofika mwishowe, vumbi mpaka kwenye kope, wamepita vizuizi vya kila namna ya askari, baba mkubwa wa Paluku, Muzee Kambale, hakuzunguka. Alisema, "Hii mara ikiharibika tena, tutajua Mungu hataki. Tutarudia kwetu na mutoto wetu." Mke wangu akageuka akaniangalia mimi, sijui kwa nini mimi.

Basi nikajipa ufundi. Nilienda Birere nikatafuta mota ya kufutia kioo cha gari, ile tunayoiita esuiglasi, nikaiunga na pedali kwa kipande cha chuma, nikaipa betri ya gari na swichi ya kugusa kwa kidole cha mguu. Ukiwasha, mota inakanyaga pedali badala yako, wewe umesimama bwana mkubwa. Ilikuwa na mwendo wa mvua ndogo na mwendo wa mvua kubwa. Nyumbani niliijaribu kwa mvua ndogo tu, ikalia vizuri mpaka jirani akapiga makofi, ila ilikuwa na tabia moja mbaya: ilitembea. Ilijisukuma yenyewe sakafuni taratibu, ikaniacha, mke wangu akaikuta mlangoni pa jikoni.

"Papa Riziki," akasema, "siku ile ukae tu kwa kiti, upige na muguu yako."

Kiti! Angalieni jambo lilivyokuwa rahisi. Lakini mimi, baba wa bibi harusi, nikae? Nikaona dawa ya kitu kinachotembea ni kukifunga, na asubuhi ya harusi, kule ukumbini Keshero, nikaikaza pedali na mota yake kwa skrubu kwenye mbao za jukwaa. Sikuinama kuangalia mbao zile zimelazwa juu ya nini. Zilikuwa zimelazwa juu ya makaziye, yale makreti ya bia, na chupa tupu zilikuwa bado zimo ndani.

Na juu ya jukwaa hilohilo ndipo ilipowekwa meza ya maharusi na ya wazee.

Mnatujua sisi watu wa Goma. Wiki zile ardhi ilikuwa bado inatikisika kila mara, na tulikuwa tumeshajifunza kuangalia maji kwenye glasi kabla ya kumwangalia mtu usoni. Hatukuwa tunalala vizuri, hakuna aliyevua viatu mbali na kitanda. Watu wa namna hiyo ndio niliowapigia gitaa.

Tulianza kwa mvua ndogo, mambo matamu, Riziki akanitupia busu. Ikafika sehemu ya kuchezesha watu, ngoma zikapanda, nikafumba macho (wapiga gitaa tuna ujinga huo), nikagusa mvua kubwa. Nilisikia gitaa linalia vile ambavyo sijawahi kulisikia maishani. Chini yangu pedali ilikuwa inagonga mbao tak-tak-tak, makaziye yanatetemeka, chupa zinagongana, glasi za wazee zinacheza mezani, na mtu mmoja, sijui nani, akasema bila hata kupaza sauti, "Iko inatetemeka."

Hakuna aliyepiga yowe. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, walivyoondoka kwa mazoea. Wamama walifunga watoto mgongoni, mmoja akafunika sufuria ya nyama akaondoka nayo, mpiga ngoma wangu akaweka vijiti chini kwa adabu kabisa. Nilipofumbua macho, nikiwa bado napiga, ukumbi ulikuwa mtupu.

Isipokuwa Riziki. Alikuwa ameketi palepale, mikono juu ya meza.

"Riziki, kimbia!" (Na mimi, mwenye mota, niliamini ni volkano.)

"Papa, miye nimechoka kukimbia," akasema. "Kama ni volkano, ikuye initwale hapa hapa na robe yangu ya harusi."

Paluku alirudi mbio kutoka getini, kiatu kimoja hana, akamwangalia, akamwangalia tena, kisha akavuta kiti akaketi karibu naye akamshika mkono. Nikaacha kupiga, nikazima swichi ili nishuke niwavute wote wawili.

Glasi zikatulia.

Riziki aliangalia glasi. Akaangalia mguu wangu. "Papa," akasema, hilo tu.

Ningeweza kunyamaza, watu wakadhani ni tetemeko limepita. Lakini huko nje Muzee Kambale alikuwa anawapakia watu wake kwenye basi, anaita jina la Paluku. Nikatoka nikichechemea, nikawaambia ni mimi, ni esuiglasi. Hakuna aliyeniamini. Muzee akasema nisimfanye mutoto. Ikabidi niwabembeleze mpaka mlangoni, wasimame kizingitini, mimi nipande jukwaani mbele ya ukoo wote wa Butembo na kuwasha. Chupa zikalia. Nikazima. Kimya. "Washa tena," akasema Muzee. Nikawasha tena. Alinifanyisha hivyo mpaka jasho likaniingia machoni.

"Kumbe tulikimbia esuiglasi," akasema. Akaketi kwenye ngazi, akaanza kucheka, akacheka mpaka nikaona hacheki tena, analia, na wamama nao wakajifuta macho. Watu walikuwa wamechoka, jamani.

Ni Riziki aliyemaliza. Alikuja akainyofoa waya ya betri, akaniletea kiti. "Papa, kaa. Na ninyi muingie, chakula inapoa." Nikakaa, nikapiga kwa mguu wangu mbovu, wakacheza mpaka jua likazama.

Mota niliirudisha Birere, na sitakaza skrubu tena mahali popote watu wa Goma wamekaa. Kupiga nimesimama nako basi. Lakini juzi asubuhi, nikiwa napiga mswaki uani, ardhi ikatikisika kwelikweli, mabati yakalia, na badala ya kukimbia majirani wakaanza kuniita juu ya ua huku wanacheka: "Papa Riziki, zima!"

"Nimezima!" nikajibu, povu mdomoni.

Ikaendelea kutikisika kidogo. Nilisimama pale na mswaki wangu, na haki ya Mungu, sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani swichi ya kuizima ardhi iwe kweli mguuni pangu.