Injinia wa Ndege na Mashine ya Mama Yake

Benard Mangeni wa hapa kwetu Busia anachora ndege huko Ulaya. Usidhani ndege nzima. Yeye anachora kile chuma cha kushika mota ya umeme kando ya injini ya mafuta, maana ndege zao siku hizi zinakunywa vyote viwili. Miaka minne yuko kwenye chuma hicho kimoja, na kila mwaka anakikondesha. Anasema huko angani gramu moja ni vita. Sisi tulikubali, nani amewahi kufika?

Mwezi wa nane alikuja likizo, akakuta mashine ya kusaga ya mama yake, Nasirumbi, imekalia vyuma vya reli. Marehemu baba yake ndiye alivileta kutoka Tororo, na vilitokaje huko hakuna aliyeuliza. Benard akaizunguka kama mjomba anayekagua ng'ombe wa mahari. Akaamua iwekewe mota ya umeme pamoja na dizeli, stima ikipotea kazi iendelee. Hapo alisema la maana. Lakini akachora na fremu mpya, vyuma vyembamba, matundu kama chujio la chai. Jacktone, fundi wetu wa kuchomelea, akamwambia hicho ni kitanda cha mtoto. Benard akamfungulia kompyuta, michoro ya rangi nyekundu na bluu. Jacktone hajui kubishana na rangi. Akachomelea, vile vyuma vya reli vikatolewa nje.

Alhamisi kina Bwire wakawa na mazishi. Magunia matatu ya mahindi yakaletwa kwa Nasirumbi, unga unatakiwa kabla ya saa sita. Na hapa kwetu ukilaza waombolezaji njaa, utatajwa kwenye kila matanga mpaka nawe uzikwe. Ng'ambo ya barabara Alungat, mshindani wake wa kusaga, alikuwa amekaa mlangoni kwa mashine yake, mikono kifuani, anangoja.

Benard akawasha. Mashine ikakohoa, ikatetemeka, halafu ikaanza safari. Pole pole, kama mgeni anayeaga, ikaelekea mlangoni ikimwaga unga. Akazima. Kumbe ile reli haikufungwa sakafuni popote, ilikaa kwa uzito wake tu. Bolti zilikuwa kwenye mchoro wa Benard. Sakafuni hazikuwepo.

Akaomba siku mbili arudie hesabu za mtetemo.

"Papa," mama yake akasema, "ile yako ipae. Hii yangu inasaga. Kaa hapo."

"Wapi, Mama?"

"Juu ya fremu. Hizo kilo zako si umekuja nazo?"

Akakaa. Magunia matatu, na shahada zake mbili, anatetemeka mpaka mashavu. Simu ya bosi wake wa Ulaya ikaingia, akapokea, yule mzungu akauliza kama ana malaria.

Saa tano na nusu unga ukafika kwa kina Bwire, na Alungat akaingia ndani kwake. Msibani injinia akapewa kiti cha mbele, cha wageni wa heshima. Akashukuru sana, akala amesimama.