Matofali Mabichi ya Jirani

Benki iliwanyima mkopo wa nyumba siku moja, Gaone na jirani yake hapa Mochudi. Gaone alirudi akajilaza. Jirani alirudi na mfuko wa saruji, akawa anafyatua matofali uani kila Jumamosi, viganja vimepasuka, akiimba puani, akiyamwagilia maji asubuhi na jioni kama miche ya mboga. Gaone alimchungulia dirishani, roho ikimuuma.

Jirani alipokwenda msibani kwao, aliomba, “Shoga, nimwagilie matofali yangu, bado mabichi; saruji ikikauka upesi haishiki.” Siku nne za jua kali Gaone hakumwaga hata tone. Aliporudi, jirani alikandamiza tofali kwa kidole gumba, likamomonyoka. Akamtazama Gaone, akajifuta mkono kwenye sketi.

“Jumamosi lete ndoo,” alisema. “Tunaanza kufyatua matofali ya nyumba yako. Maji nitamwagilia mimi.”

Gaone aliona bora angetukanwa.